Moshi Wako Unalala kwa Nani?

Asubuhi niliyoondoka Voi sikuwa na mpango wowote. Nilifunga chumba nilichokaa miaka mingi pale Kaloleni, nikamrudishia mwenye ploti ufunguo wake, nikatoka barabarani. Upande wa kushoto punda alikuwa amelala katikati ya njia, kwa hiyo nikashika wa kulia. Punda huyo angechagua upande mwingine, labda leo ningekuwa nawaandikia kutoka Mombasa. Nilibeba begi moja, visu viwili na jiwe la kunolea. Pipa langu la moshi, lililonilisha miaka yote hiyo, nililiacha uani limepoa.

Nimeanza na asubuhi hiyo kwa sababu nyinyi vijana mnaotengeneza mapipa ya kukaushia nyama nyuma ya nyumba mmeniuliza swali moja, na kila anayekuja huniuliza hilo hilo. "Mzee, sheria inasema pipa likae mita ngapi kutoka kwa jirani?" Mnataka nambari. Nendeni ofisi ya afya mtapewa nambari, maana hubadilika na mimi kwa sasa sina pipa. Lakini mkishaipata, msidhani mmemaliza. Mimi niliitimiza nambari ile kwa futi ya fundi, sentimita juu ya sentimita, na bado nilikosea.

Niliacha shule darasa la sita. Akili haikunipungukia. Siku moja tu nilitaka kujua yale malori ya mkonge yanaishia wapi, nikapanda moja, na sikurudi darasani. Nimekata mkonge Mwatate. Nimevunja mawe Kishushe, ambako ukikosa gari la Jumatatu unangoja la Alhamisi. Sehemu zote hizo nilikaa mpaka nilipojua kinachofanyika, kisha miguu ikaanza kuwasha. Kazi ya moshi peke yake ndiyo iliyonishika, kwa sababu sikuwahi kuimaliza kuijua.

Aliyenifunza ni Mzee Nzioka, Mkamba aliyekuwa akikausha nyama ya wachungaji wa ranchi kule Maungu. Hakuwa na pipa. Alikuwa na shimo, mabati mawili na uvumilivu. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya shimo akaniuliza, "Unaona nini?"

"Moshi, mzee."

"Wa namna gani?"

"Moshi ni moshi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi wewe ni mtu wa kukaa hapa muda mrefu."

Baada ya wiki mbili nilianza kuona. Kuna moshi mweupe, mzito, unaotoka kama pamba. Huo ni wa kuni mbichi au moto uliokosa hewa, na nyama yake huwa chungu, tena ina utando mweusi unaoshika meno. Halafu kuna moshi mwembamba, wa rangi ya samawati, ambao ukisimama mbali huuoni kabisa. Huo ndio unaokausha. Mzee Nzioka alikuwa akisema moshi mzuri ni kama mgeni mwenye adabu, unajua alikuja kwa harufu aliyoacha tu. Kuni zake zilikuwa za mgunga uliokaa juani msimu mzima. Mafuta ya nyama yakidondokea makaa huleta moshi mchafu, kwa hiyo chini ya wavu aliweka karai la mchanga. Hayo mawili, kuni kavu na karai la mchanga, yatawaondolea nusu ya malalamiko ya majirani kabla hamjamwona afisa yeyote.

Lakini mimi sikuridhika na mgunga. Nilitaka kujua miti mingine inafanyaje. Siku Mzee Nzioka alipokwenda kliniki, nilikausha nyama ya mbuzi wawili kwa mwarobaini. Ilitoka na rangi ya kupendeza sana. Mwenye bucha aliyeiagiza alikata kipande, akatafuna, akaacha kutafuna, akaniangalia.

"Kijana, hii tunakula mara ngapi kwa siku?"

"Vipi?"

"Nauliza dozi. Asubuhi na jioni, au?"

Mji mzima wa Maungu uliniita Daktari kwa miezi mitatu. Mzee Nzioka hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa umejua mwarobaini. Usisahau waliolipia masomo yako."

Kaloleni nilifika na ufundi wangu nikapanga chumba kwenye ploti yenye uwanja nyuma. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea pipa lenye mlango, matundu mawili ya hewa na bomba la juu. Biashara ilikwenda. Watu wa mabucha walileta, wa hoteli walileta, na wenye shughuli za harusi na matanga walileta. Kisha malalamiko ya mapipa yakawa mengi mjini, maana kila mwenye ua alikuwa na lake, wengine wakiwasha kwa plastiki na mbao za rangi. Ofisi ya afya ikatoa karatasi ya masharti. Bomba lipite paa la jirani. Pipa likae mbali na dirisha na kamba za nguo. Kuni zisiwe za rangi wala za dawa. Moto usiwake alfajiri wala usiku. Na majirani wa pande tatu waweke sahihi kwamba wameridhika, upya kila Januari.

Masharti hayo sikuyaona mabaya, na hata leo siyaoni mabaya. Kosa lililofuata lilikuwa langu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa Voi hutoka upande wa mlima wa Sagalla. Ukiwasha pipa uani kwangu, upepo huo unauchukua moshi na kuupeleka kwenye uwanja mtupu na vichaka, hakuna mtu. Lakini mwaka ukikaribia kwisha, upepo hugeuka ukatoka upande wa mbuga ya wanyama. Ukigeuka hivyo, moshi wa pipa langu ulikuwa na njia moja tu, nayo ni nyumba ya Mama Wakesho, jirani yangu wa nyuma. Mtu yeyote aliyekaa Voi mwaka mzima anajua jambo hili, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa upepo, nililijua kuliko wote.

Basi nilimwalika afisa wa afya aje kukagua mwezi wa Agosti.

Alikuja binti mmoja mwenye miwani, tukimwita Madam, mpole lakini hana mchezo. Alipima bomba. Alipima umbali mpaka kwenye ukuta wa Mama Wakesho. Alipekua kuni zangu, kipande kwa kipande. Akaniambia niwashe. Moshi ukatoka mwembamba, ukaelekea vichakani kama ng'ombe wanaojua zizi lao.

"Mzee Mwakio, nikipata watu watano kama wewe mji huu, nitalala."

Nikacheka naye. Alipouliza kama kuna jambo lingine alitakiwa kujua, nilisema hakuna.

Mama Wakesho aliweka sahihi akiwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Hakuisoma hata. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, na matanga yale yaliendelea siku nyingi kwa kuwa jamaa walitoka mbali. Nyama ya waombolezaji niliikausha mimi ili isiharibike, bila kudai chochote. Wanaotujua sisi Wataita wa milimani wanafahamu maana yake. Mtu aliyekulisha msibani huwezi kumpinga barazani. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini ukifanya hivyo, mji wote utakuuliza ulikula kwa mdomo gani. Nilimtendea wema kwa moyo safi wakati ule. Baadaye, lazima niseme ukweli, niligundua kwamba wema huo unaweza kunisaidia, na sikuukataa msaada wake.

Septemba alimleta mama yake mzazi kutoka Werugha. Huko juu kuna ukungu na baridi, na kifua cha yule nyanya kilikuwa kimeshindwa. Daktari aliwaambia wamshushe kwenye joto na hewa kavu. Kwa miezi miwili alipata nafuu, nikawa nikimwona amekaa nje akichambua mboga na kuwaita kuku kwa Kidawida, lugha yetu. Novemba upepo ukageuka. Sikumwona tena nje.

Nilijua kwa nini. Nilijiambia kwamba nina karatasi yenye muhuri.

Januari ilipofika, nilitakiwa kupeleka sahihi mpya. Majirani wawili waliweka haraka. Asubuhi moja niliwasha pipa, nikapanga nyama ya mbuzi, nikachukua karatasi na kalamu nikazunguka kwa Mama Wakesho.

"Karibu ndani, jirani. Keti kwanza, unywe chai."

Nilitaka kusimama mlangoni kama Agosti, lakini alikwishavuta kiti. Ndani kulikuwa na giza la mchana, kwa sababu dirisha la upande wangu lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa leso iliyolowa maji. Yule nyanya alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunika mabega.

"Ni nani huyo?"

"Ni jirani, mama. Yule wa nyama."

"Aa. Wa nyama." Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, nasi tukangoja kiishe, kama watu wanaongoja treni ipite ndipo waendelee kuongea. "Leo ni mbuzi."

"Ndiyo, nyanya. Ni mbuzi."

"Jana ilikuwa ng'ombe. Tena mzee, mafuta yake yalinuka tangu saa tatu. Mimi, mwanangu, nimekula nyama yako yote tangu Novemba, na sijatafuna hata kipande."

"Mama, acha mambo yako," alisema Mama Wakesho.

"Nimekosa wapi? Si namsifu?"

Chai ya Mtaita haina kikombe kimoja. Ukimaliza unajaziwa, na kuondoka mapema ni kama kusema nyumba ni chafu. Kwa hiyo nilikaa. Kikombe cha kwanza nilihisi harufu tu. Cha pili macho yakaanza kuwasha. Cha tatu, chai yenyewe ilikuwa na ladha ya nyama yangu, na kooni nilikuwa na kitu kama sufi. Macho haya, wanangu, yalikuwa yamekaa na moshi zaidi ya miaka ishirini. Na ndani ya chumba kile yalinitoka machozi kama ya mwanagenzi.

Hapo nikaelewa jambo la kijinga ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha. Mkaushaji nyama husimama siku zote upande upepo unakotoka. Hiyo ndiyo busara ya kazi. Kwa hiyo unaweza kufanya kazi hii maisha yako yote na usifike hata mara moja mahali moshi wako unapofika.

Mama Wakesho akaitazama karatasi kwenye goti langu. "Lete hiyo niweke sahihi, nisikucheleweshe na moto."

"Na mama?"

"Tunarudi naye Werugha wiki ijayo."

"Si daktari alisema baridi ya huko..."

"Daktari alisema." Alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, haniangalii. "Lakini wewe ulitulisha siku ile. Nikikukatalia, nitawaambia nini watu?"

Akanyoosha mkono apate kalamu. Nikaitazama kalamu nikasema, "Wino umeisha."

Akaichukua, akaijaribu kwenye kiganja chake. Ikaandika vizuri tu. Tukatazamana.

"Mama Wakesho," nikasema, "Agosti nilijua. Nilijua upepo utageuka. Nilimwita Madam makusudi kabla haujageuka."

Akaiweka kalamu juu ya sinia. Halafu akasema polepole, "Nilidhani hukujua. Ndilo lililokuwa linanituliza."

Katika kazi yangu nimetukanwa na wenye mabucha, wapishi, na askari wa kaunti wenye njaa. Hakuna neno lililoniingia kama hilo.

Yule nyanya, ambaye tulidhani amesinzia, akasema kutoka kwenye kochi, "Kama alijua, basi aende akazime."

Nikatoka mbio. Na hapa niweke neno la ufundi, kwa sababu hata mtu mwenye aibu anapaswa kutumia akili. Pipa la moshi halizimwi kwa maji. Unafunga matundu ya hewa, unangoja, linakufa lenyewe kwa adabu. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nilichukua ndoo nikaimwaga yote ndani. Likatoka wingu la mvuke na majivu kubwa kuliko yote niliyowahi kutengeneza, likapanda, likageuka, likaenda moja kwa moja kwa Mama Wakesho. Nilisikia sauti ya nyanya ndani, "Sasa huyu ametuchomea ndovu!"

Karatasi sikuipeleka. Nilikwenda ofisini bila karatasi nikamweleza Madam kila kitu. Alivua miwani akaifuta.

"Mzee, mbona hukuniambia Agosti?"

"Kwa sababu ungenikatalia."

"Ningekukatalia miezi minne. Mingine ungefanya kazi yako." Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo, nasikia, anapokagua uani humwuliza mwenye pipa upepo hugeuka mwezi gani, na asiyejua humrudisha akajue kwanza.

Mtauliza kwa nini basi sikufanya hivyo, nikafunga miezi minne. Kwanza nilijaribu kila kitu nisifunge kabisa. Niliongeza bomba mpaka likafanana na mlingoti wa bendera, na lilipoanguka lilikosa kuku wawili kwa nafasi ndogo. Nililihamisha pipa pembe zote nne. Ua ule haukuwa na pembe isiyo na mtu. Ukimkwepa mmoja unamwangukia mwingine, na wengine wote walikuwa wamekula nyama yangu kwenye harusi au matanga. Wote wangeweka sahihi. Hilo ndilo lililonitisha. Ningefunga miezi minne mwaka mmoja, na wa pili njaa ikinishika ningewasha, maana nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuniambia hapana.

Pipa lilikaa baridi wiki kadhaa. Nyanya akarudi kukaa nje na mboga zake. Siku moja alinipungia mkono akaniuliza kama nimekufa, maana hasikii harufu. Nikamwambia bado. Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya punda.

Nilitembea mpaka nje ya mji, nikapata lori lililokuwa linarudi Taveta tupu baada ya kushusha vitunguu. Dereva aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia mbele. Alizoea watu wa namna hiyo, hakuuliza tena. Tulipita Mwatate, Bura, Maktau, nchi ikafunguka na kukauka. Tulipokaribia Salaita niliona kilima kile kidogo kimekaa peke yake, na nyumba zimetawanyika chini yake kama mbuzi waliochoka. Nikamwambia dereva anishushe.

"Hapa? Hapa kuna nini?"

"Ndiyo nataka kujua."

Kulikuwa na duka moja la mabati, na nyuma yake safu fupi ya vyumba. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikamba mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, Mama Mutheu.

"Chumba kipo," akasema. "Kazi yako ni nini?"

Ningeweza kusema fundi, lingekuwa kweli kiasi. "Nakausha nyama kwa moshi," nikasema. "Kwenye pipa."

"Moshi." Alinitazama kutoka viatuni mpaka kofia. "Na hilo pipa liko wapi?"

"Bado. Kwanza niambie, upepo wa hapa unatoka wapi?"

"Sasa hivi? Kule." Akaonyesha kwa kidevu.

"Na huwa unageuka?"

"Vuli ikikaribia unageuka. Wewe ni mpangaji au ni wa redio, wa kutangaza hali ya hewa?"

Nilizunguka nyuma ya vyumba naye akinifuata, funguo zikilia kiunoni. Kulikuwa na kiwanja kizuri, tambarare, na mti wa mgunga uliokauka umelala pale tayari. Nyumba ya jirani ilikuwa mbali, zaidi ya nambari yoyote niliyowahi kuandikiwa. Nilisimama ambapo pipa lingekaa. Nikakumbuka alikosema upepo hutoka, nikageuza kichwa kufuata njia ya moshi. Iliishia kwenye dirisha la chumba cha mwisho.

"Nataka kile," nikasema.

"Kile? Hapana, baba. Kile cha mbele ndicho kina hewa, tena saruji yake ni mpya. Cha mwisho vumbi lote la uwanja huingia humo."

"Basi hicho hicho."

"Na pipa utaleta lini?"

"Nikishalala humu mpaka upepo ugeuke na urudi."

"Hiyo ni karibu mwaka!"

"Nina mikono. Nitakupasulia kuni, nitakuchungia duka."

Mama Mutheu alitikisa kichwa, akatafuta ufunguo kwa muda, akafungua. Kulikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha la mbao lililokuwa limekwama. Nikaweka begi chini. Nilikipiga kidirisha kwa kiganja mara mbili, kikafunguka, na vumbi la uwanja likaingia likanikuta usoni.